Duka Kubwa Nalo Linahitaji Winga: Kwa Nini Wauzaji Wafungue API Zao

Ukishuka mwendokasi Gerezani ukaanza kukata mitaa ya Kariakoo, hufiki mbali kabla hujasikia, "Bosi, unatafuta nini?" Huyo ni winga. Hana duka, hana stoo, hana hata meza. Mtaji wake ni miguu, simu na kichwa kilichojaa habari: nani ameshusha mzigo jana, duka gani limebakiza rangi nyeusi tu, ghorofa ya ngapi wanauza jumla, nani anapunguza ukichukua tatu.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa natafuta pampu ya maji ya umeme, nusu hospawa, kwa nyumba ya Kimara ambako maji ya bomba huja kinyonge na hayapandi kwenye tangi. Kabla ya kutoka nikaingia kwenye tovuti ya duka moja kubwa la vifaa. Pampu nikaiona: picha nzuri, bei imeandikwa, na chini yake alama ya kijani inasema ipo. Nikapanda daladala mbili kuifuata. Kijana wa kaunta akaangalia kompyuta yake, akanipa pole. "Hii iliisha wiki mbili zilizopita, kaka. Labda tawi jingine, ngoja niwapigie." Simu ya tawi jingine iliita mpaka ikakata. Nikaenda Kariakoo. Winga wa kwanza niliyemweleza shida yangu alinisimamisha kwenye kivuli cha duka la vyombo, akapiga simu tatu, na baada ya dakika nne akanipa jibu kamili: ipo sehemu mbili, ya Kichina bei hii, ya Kiitalia bei ile, na hiyo ya Kiitalia imebaki moja.

Jambo hilo limenikaa kichwani kwa sababu kazi yangu ni kuandika programu za maduka. Lile duka kubwa lina seva, lina mfumo wa mauzo, na kila pampu inayotoka inapunguzwa kwenye hesabu papo hapo. Jibu la swali langu lilikuwepo ndani ya kompyuta yao tangu asubuhi, sahihi kabisa. Lilikosa njia ya kutoka nje. Kariakoo, ambako wenye maduka wengi hawana tovuti, jibu lilinifikia nikiwa nimesimama.

Njia hiyo ya kutoka ndiyo watu wa kompyuta wanaita API, tamka ei-pi-ai. Naamini kwa dhati kwamba maduka yetu yanayouza rejareja, kuanzia supamaketi hadi wauza vifaa vya ujenzi, yanapoteza wateja kila siku kwa kutokuwa nayo, au kwa kuwa nayo na kuifungia ndani.

Dirisha la Mangi

Kila aliyekulia Dar es Salaam anaijua API bila kujua kwamba anaijua. Mtoto anatumwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Anafika kwenye dirisha lenye nondo, anasema, "Mangi, unga robo na mafuta ya mia tano." Haingii ndani. Hafungui droo ya pesa, hachungulii daftari la madeni, hapangi upya mashelfu. Anauliza kwa maneno yanayoeleweka dirishani, na anajibiwa kwa maneno yanayoeleweka: upo, hakuna, bei imepanda. Kesho akija mtoto mwingine, wa nyumba nyingine, anauliza vilevile na anajibiwa vilevile.

API ya wavuti ni dirisha la namna hiyo, ila anayekuja kuuliza ni programu. Programu inatuma ombi kwa njia ya intaneti kwenye anwani maalumu: nipe habari za pampu hii. Seva ya duka inajibu kwa maandishi makavu, yasiyo na picha wala mapambo. Tuseme hivi:

bidhaa: pampu ya maji ya umeme, nusu hospawa
namba: 004517
bei: 185000
tawi la Mwenge: 0
tawi la Mbagala: 3
imehakikiwa: leo saa 4:42 asubuhi

Basi. Jibu kama hilo halifiki hata kilobaiti 1, wakati ukurasa wa tovuti wenye picha na mabango unaweza kuzidi megabaiti 2. Kwa mteja anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni pesa.

Watu huniuliza: kama tovuti tayari inaonyesha bei, dirisha la nini tena? Ni kwa sababu ukurasa wa tovuti umepambwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Programu haina macho. Ikitaka bei iliyomo kwenye ukurasa huo inabidi iuchambue mstari kwa mstari, ikikisia kwamba namba iliyo chini ya picha, yenye herufi nene, ndiyo bei. Kazi hiyo tunaiita kukwangua tovuti, na nimeifanya mwenyewe, kwa hiyo najua karaha yake. Siku mbunifu wa duka akihamisha bei kutoka chini kwenda kulia, programu inaanza kusoma namba ya simu ya huduma kwa wateja na kuitangaza kuwa bei ya mchele. Duka nalo linaumia, maana kila mkwanguaji anavuta ukurasa mzima na picha zake zote ili apate tarakimu sita tu.

Na neno "wazi" lisitishe mtu. Dirisha la Mangi liko wazi, lakini lina nondo. API iliyo wazi maana yake ni kwamba mtengeneza programu yeyote anaweza kujiandikisha, akapewa ufunguo wake, yaani namba ya siri inayomtambulisha, akasoma maelezo ya namna ya kuuliza, akaanza kazi, bila kupanga miadi na mkurugenzi wala kusubiri mkataba upite kwa mwanasheria. Kuuliza ni ruhusa. Kubadilisha bei si ruhusa.

Waliotangulia

Jambo hili lina umri wa robo karne sasa. eBay, soko la mtandaoni la Marekani, ilifungua API yake mwaka 2000, na wauzaji waliokuwa wanaingiza bidhaa moja moja kwa mkono wakapata programu, zilizoandikwa na watu ambao eBay haikuwaajiri, za kupandisha bidhaa kwa mamia. Amazon ikafuata mwaka 2002. Ilikuwa tayari na utaratibu, ulioanza 1996, wa kumlipa kamisheni mwenye tovuti yeyote aliyemletea mteja. Kilichoongezeka 2002 ni kwamba mwenye tovuti hiyo sasa aliweza kuichota katalogi yenyewe, yaani majina, bei na picha, na kuitumia kwa namna aliyoona inawafaa watu wake. Huyo ni winga kabisa: anasimama kwenye mtaa wake, anauza mali isiyo yake, na mwenye duka anajua nani amemleta mteja.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwaka 2005. Google ilikuwa imetoka kuzindua ramani zake kwenye wavuti, na haikuwa imetoa API yoyote. Mtengeneza programu mmoja, Paul Rademacher, akazifungua kwa utundu wake, akachukua matangazo ya nyumba za kupanga kutoka tovuti ya Craigslist na kuyabandika juu ya ramani. Akaiita HousingMaps. Ghafla mtu anayetafuta chumba aliweza kuona vyumba vyote vya bei anayoimudu, na mtaa vilipo. Google ingeweza kumfungia. Badala yake, Juni mwaka uleule ikatoa API rasmi ya ramani, na baadaye ikamwajiri. Tazama nani aliyegundua matumizi hayo. Wenye ramani hawakuyawaza, na wenye matangazo hawakuyawaza. Aliyewaza ni mtu wa nje aliyekuwa na shida ya kawaida kabisa ya kutafuta nyumba.

Hapa kwetu hatuko nyuma katika kila kitu. Mfumo wa serikali wa kukusanya malipo, GePG, umetufundisha sote neno "kontrol namba". Tangu 2017 taasisi ya serikali inatoa namba, na mwananchi analipa kwa simu au benki anayoitaka, kwa sababu wote wameunganishwa kwenye mlango mmoja wenye lugha moja. Jirani zetu Kenya, Safaricom iliwafungulia watengeneza programu M-Pesa kwa API waliyoipa jina la Daraja, na Vodacom nayo ina API ya wazi ya M-Pesa inayotumika hapa Tanzania. Kwa hiyo upande wa kulipa, mlango umefunguka. Kijana aliyepanga chumba Sinza anaweza leo kuandika programu inayopokea pesa. Asichoweza ni kuandika programu inayojua kama nondo za milimita 12 zipo Mbagala. Tumejenga daraja la pesa kupita, na mali bado imefungiwa ng'ambo.

Karatasi ya fundi

Nataka nikae kidogo kwenye nondo hizo, maana hapo ndipo faida inapoonekana vizuri kuliko hotuba yoyote ya teknolojia.

Mtu anajenga Kigamboni au Chanika. Fundi wake anampa karatasi iliyochanwa kwenye daftari: saruji mifuko 40, nondo mm 12 vipande 25, nondo mm 8 vipande 15, bainding waya, misumari nchi 4 kilo 5, mbao mbili kwa nne. Mwenye nyumba anaichukua karatasi, anaipiga picha, anaituma WhatsApp kwa maduka matatu, manne. La kwanza linajibu baada ya saa mbili. La pili linajibu bei ya saruji tu. La tatu linasema "njoo tuongee". Mwishowe ananunua kwa anayemjua, si kwa sababu ana bei nzuri, ni kwa sababu amechoka.

Sasa chukua mtu aliyesomea ujenzi na anayejua kidogo kuandika programu. Wapo, nawafahamu. Anajua kwamba mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali za nchi 6 inakula tofali kama 10. Anajua upana wa bati ukishatoa sehemu ya kulaliana. Anaweza kutengeneza programu ambayo unaipa vipimo vya chumba, nayo inakuandikia ile karatasi ya fundi. Kazi hiyo anaiweza leo. Kinachomkwamisha ni mstari wa mwisho: shilingi ngapi, na wapi. Bei alizoziandika kwa mkono Januari zimeshakuwa uongo Machi. Programu yake inageuka kikokotoo cha darasani.

Mpe dirisha la kuuliza bei na mzigo wa duka moja tu la vifaa, na kila mtu anayekokotoa ukuta wake kwa programu hiyo anaishia kwenye kaunta ya duka hilo, akiwa na orodha kamili mkononi. Duka halikulipa tangazo. Halikuajiri mhandisi. Halikukaa kikao kuamua kama watengeneze programu ya mafundi au ya wenye nyumba. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo. Duka linaamua kutengeneza programu yake lenyewe, inagharimu pesa nyingi, inafanya kitu kimoja, yaani kuonyesha katalogi, mteja anaipakua mara moja na kuifuta simu ikijaa. Hakuna mteja anayeamka asubuhi akitaka programu ya duka. Mteja anataka kujenga ukuta.

Januari ina mfano wake. Mzazi anakabidhiwa orodha ya shule: kaunta buku kwaya mbili nane, kwaya tatu nne, penseli, rula, rimu ya karatasi, na ana siku tatu. Mtu yeyote anayeweza kuunganisha orodha ile na mashelfu ya maduka manne angewapunguzia wazazi wa mji huu jasho jingi. Na si lazima iwe programu ya simu janja. Mwenye simu ya vitufe anaweza kuhudumiwa kwa menyu ya nyota na reli, kama tunavyopiga *152*00# kuangalia bei kikomo za mafuta ambazo EWURA huzitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Asiyeona anaweza kusomewa bei kwa sauti. Duka moja haliwezi kuwahudumia watu wote hao kwa namna wanayoitaka. Linaweza kuwaachia nafasi wanaowajua.

"Washindani wataona bei zetu"

Kila nikimweleza mwenye duka mambo haya, jibu la kwanza huwa hilo. Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu anayelisema ndiye mwenye mali na hasara ni yake.

Lakini tuangalie bei iko wapi leo. Imebandikwa kwenye shelfu, kwa kikaratasi cha njano, ili kila anayeingia aione. Mshindani anayetaka kuijua anamtuma kijana na kikapu. Wauzaji wa jumla wanaijua kwa sababu ndio waliouza. Mawinga wanaijua. Asiyeijua ni mteja aliyeko nyumbani Goba akijiuliza kama apande gari au asipande. Bei ya siri ya kweli, ile ya kununulia na ile ya mteja mkubwa mliyekubaliana naye, haina haja ya kukaribia dirishani kabisa.

Na kuna upande mwingine ambao wenye maduka wazuri wanapaswa kuufurahia. Winga wa Kariakoo mara nyingi anakula cha juu: duka linasema laki moja na themanini, yeye anamwambia mteja laki mbili na ishirini, na mteja akigundua anamlaumu mwenye duka. Kwenye API bei inatoka kwenye kinywa cha duka lenyewe. Mtengeneza programu analipwa na duka, kwa asilimia inayojulikana, kwa sababu ufunguo wake unaonyesha kwamba mteja huyu kaja kupitia kwake. Mimi napenda mawinga na wameniokoa mara nyingi. Ila mfumo ambao hauhitaji kuficha bei ili mtu ale ni mfumo bora zaidi.

Hofu kwamba maombi mengi yataielemea seva haina uzito huo. Kila ufunguo unawekewa ukomo, tuseme maombi 60 kwa dakika, anayezidisha anasubiri, anayekaidi ananyang'anywa. Majibu ya bidhaa zinazoulizwa sana yanahifadhiwa kwa dakika chache ili hesabu kuu isisumbuliwe. Haya ni mambo ya kawaida ambayo fundi yeyote wa seva anayajua, na ni nafuu kuliko kukwanguliwa usiku kucha.

Hofu ninayotaka wawe nayo, na mara nyingi hawana, ni ya taarifa za wateja. Namba za simu, kadi za pointi, nani amenunua nini: hayo hayapiti dirishani hata kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina tume ya kuisimamia. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mama aliyenunua dawa au pampasi hakukubali kugeuzwa data ya mtu baki. Bidhaa iwe wazi, mnunuzi afichwe. Ukishika mstari huo mmoja, maamuzi mengine mengi yanakuwa mepesi.

Namba isiyobadilika, ahadi isiyobadilika

Ugumu wa kweli uko mahali ambapo watu hawautazami: kwenye majina. Duka moja linaandika "sabuni ya unga 1kg", jingine "sabuni unga kilo", la tatu limeandika jina la kampuni tu. Programu itajuaje kwamba ni kitu kimoja? Kwa bidhaa zilizofungashwa, dawa ni msimbo pau, zile tarakimu 13 chini ya mistari myeusi. Misimbo iliyosajiliwa Tanzania huanza na 620, ingawa hiyo inaeleza tu namba imesajiliwa wapi, si lazima bidhaa iwe imetengenezwa hapo. Maduka mengi yanaisoma misimbo hiyo kila siku kwenye kaunta, kisha yanaisahau kwenye tovuti. Iwekeni kwenye API. Ni tarakimu 13 tu, lakini ndizo zinazofanya duka lako liulizike.

Nondo, misumari na mchele wa kupima havina msimbo. Hapo duka litunge namba yake, na neno ninalolisisitiza ni moja: isibadilike. Nimeona duka likibadilisha mfumo wa mauzo na namba zote elfu kadhaa zikapangwa upya usiku mmoja. Kila kilichokuwa kimeunganishwa kikakatika asubuhi yake.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo upande wetu, sisi watengeneza programu, tuna haki ya kulidai. Anayejenga juu ya dirisha la mtu anaweka miezi ya maisha yake pale. Mwaka 2009 programu ya iPhone iliyoitwa Delicious Library, iliyowasaidia watu kupanga orodha ya vitabu na diski walizonazo kwa kutumia katalogi ya Amazon, iliondolewa sokoni kwa sababu masharti ya Amazon hayakuruhusu data hiyo itumike kwenye programu za simu. Mwaka 2023 Twitter ilizifungia programu za nje ambazo watu walikuwa wamezitumia kwa miaka, kisha ikaifuta API ya bure iliyokuwepo. Kampuni ina haki ya kubadilisha masharti yake. Lakini winga aliyefukuzwa dukani bila neno hamletei tena mteja, na anawasimulia wenzake.

Kwa hiyo duka likifungua, liseme wazi tangu siku ya kwanza: haya yanaruhusiwa, haya hayaruhusiwi, tukibadilisha chochote tutawaambia miezi sita kabla, na toleo la zamani litaendelea kujibu wakati huo wote. Ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe kwa Kiswahili pia, maana wengi wa wanaojifunza kuandika programu katika mji huu wanajifunza kwenye simu, usiku, baada ya kazi nyingine, na maelezo ya lugha yao ndiyo yatakayoamua kama watathubutu.

Mahali pa kuanzia

Wenye maduka hudhani jambo hili linahitaji mradi mkubwa wenye bajeti na washauri. Kutegemea soko la mtandaoni la mtu mmoja mkubwa nako kuna hatari yake: soko la Jumia lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na muuzaji ambaye mtandaoni alikuwa anapatikana humo tu aliamka bila dirisha. Mwenye API yake mwenyewe anaweza kuunganishwa na watengeneza programu kumi, watatu wakafa, saba wakaendelea kumletea wateja.

Duka moja la vifaa vya ujenzi nililolifanyia kazi lilianza na faili. Faili moja ya maandishi, kwenye anwani isiyobadilika, inayoandikwa upya na mfumo wa mauzo kila baada ya dakika 15: namba, jina, bei, idadi kwa kila tawi, na saa ya mwisho ya kuhakikiwa. Ilituchukua siku nne, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa za kubishana na mhasibu kuhusu majina ya mabati. Ule mstari wa saa ndio niliougombania kuliko yote, kwa sababu jibu lisilo na saa ndilo lililonipandisha daladala mbili kufuata pampu isiyokuwepo. Mwenye duka alikuwa na wasiwasi kuhusu idadi. Hakutaka watu wajue ana mifuko mingapi ya saruji. Tukakubaliana kwamba chochote kinachozidi 100 kiandikwe "100+", akaridhika, na kusema kweli mteja hahitaji zaidi ya hapo.

Wiki mbili za kwanza hakuna aliyeigusa isipokuwa mimi. Kisha nikaongeza funguo na njia ya kuuliza bidhaa moja moja, nikaweka maelezo kwenye ukurasa mmoja, nikawatumia wanafunzi wachache wa chuo ninaowafahamu. Tukaendelea na mambo mengine.

Asubuhi moja tulifungua kumbukumbu za seva na yule mzee mwenye duka, yeye akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi, mimi nikimwonyesha mistari. Saa nane na dakika kumi usiku, ufunguo ambao mwenyewe hatukumjua ulikuwa umekuja kuuliza nondo za milimita 12, tawi la Mbagala. Umejibiwa: zipo 64. Dakika moja baadaye umeuliza mbili kwa nne, kisha bainding waya, kisha misumari ya nchi 4. Mzee akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Huyu anajenga nini saa nane za usiku?"